Mizizi Saba Kwenye Droo

West Virginia, 2 Oktoba 2011

Mwanangu Retta,

Hujambo, na hiyo vali yako ya chuma ya moyoni inasemaje? Mimi sijambo sana. Moyo umeanza kunipiga ovyo, daktari kanipa kidonge kilekile chako cha kuzuia damu isigande. Ila sina wasiwasi. Nimeona mzizi ninaokutumia kila mwaka ulivyokusimamisha miaka saba hii, basi na mimi natafuna jinsengi hiyohiyo asubuhi na jioni. Hawa wa kliniki kila wiki wananiongezea dozi, eti dawa haishiki. Wakaniuliza kama natumia mitishamba, nikasema hapana. Mzizi tunaochimba wenyewe tangu babu, tangu lini ukawa mitishamba?

Mzizi wako wa mwaka huu nimeufunga humu na barua. Una mikono na miguu kama mtu. Mnunuzi alinibembeleza nimuuzie, nikakataa.

Babako

Akron, 6 Oktoba

Baba yangu,

Natumaini hii inakukuta mzima. Huko bondeni simu haishiki, nimemwomba Dorsie wa posta akupe mkononi.

Baba, sijala hata mmoja; mizizi yote saba iko kwenye droo yangu. Daktari wangu alinikataza mwaka ule wa kwanza: jinsengi inaweza kupunguza nguvu ya kidonge, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Lakini ulipanda mlima na goti bovu kwa ajili yangu, nikashindwa kukuambia. Nikakuandikia kwamba nautafuna na napata nguvu. Uongo wangu ndio unaoutafuna.

Lakini usiuache mzizi kimyakimya pia. Dozi imeshapandishwa, ukiuacha ghafla damu inaweza kuvuja. Nenda kliniki leo na mzizi mkononi, uwaambie yote. Nikasirikie, lakini uwe hai.

Bintiyo

Akron, 9 Novemba

Baba,

U hali gani? Dorsie anasema uliisoma umesimama, ukaingia ndani. Ulikwenda? Niandikie hata tusi.

Bintiyo

West Virginia, 14 Novemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilikwenda siku ileile, nikauweka mzizi mezani kwa nesi. Wakapima, wakanipunguzia dozi kidogo kidogo, sasa damu imetulia.

Sikukujibu kwa sababu nilinuna. Miaka saba kila nikilala najiambia, yule mtoto anaishi kwa mikono yangu hii. Kumbe ulikuwa unaishi tu. Iliniuma, kisha ikanifurahisha, kisha ikaniuma tena. Wewe muongo mkubwa, na nakupenda.

Nyuma ya kijito nimeona mmea wa jinsengi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuchimba. Nimeuacha ardhini. Mwaka ujao sitakutumia kitu. Njoo mwenyewe uuone.

Babako