Ngege wa Bwana Samaki

Jumanne, Mugango

Kwa nini mama mkwe aje leo! Bwana samaki, yule afisa uvuvi, ameniachia ngege wawili, samaki wa asili wa ziwa letu, ndani ya pipa, dume la Murangi na jike la hapa, kesho awapeleke bwawani Butiama wazae. Ziwani sangara anawamaliza. Hawa wakiliwa, sijui atapata wapi wengine.

Mama mkwe akachungulia pipa. "Mama Nyangeta, ngege! Nilikuwaga nawala nikiwa msichana. Washa moto."

Mkwe nimnyime samaki aliyemwona?

"Mama, hao ni maharusi."

Akakunja uso. "Wa ukoo mmoja?"

"Hapana. Dume limetoka Murangi makusudi, wasioane ndugu."

"Murangi? Kumbe mtoto wa kwetu!"

Akala dagaa bila kununa. Sasa anasema kesho lazima amsindikize bwana harusi mpaka Butiama. Jamani, bwana samaki nitamwambia nini?