Kabula Aliisikia Kabla ya Baba Yake

Shinyanga, Jumamosi, Novemba 1982

Leo joto limekalia bati tangu asubuhi, na mvua inazungukazunguka upande wa Kahama bila kufika kwetu. Nimefua nepi, nimepika, nimewachekea majirani. Moyoni sina raha hata kidogo.

Mume wangu hasikii vizuri.

Nimeliandika. Kwa mdomo bado sijamwambia mtu.

Baba Kabula ni rubani msaidizi. Anakaa kiti cha kulia, cha kushoto ni cha Kapteni. Ndege yao ni ile ndogo ya mapangaboi mawili, abiria wake hawajazi hata nusu ya basi. Inakwenda Mwanza, Geita na Bukoba, jioni inarudi kulala hapa. Watu wanadhani mke wa rubani analalia pamba. Juzi kwenye foleni ya sukari jirani yangu Mama Shija alinipigia kelele mbele ya wote: "Mama Kabula, na wewe unapanga foleni? Si umwambie mumeo akipita huko juu akudondoshee kilo mbili!" Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, nisije nikalia.

Ilianza na mafua. Kabula aliyapata, akampa baba yake, maana mtoto huyu bila kifua cha baba yake halali. Mwenye mafua hatakiwi kurusha ndege. Aliniambia mwenyewe tangu tukiwa wachumba, kwamba ndege ndogo haifungiwi hewa ndani kama zile kubwa, ikipanda na kushuka masikio ndiyo yanayoumia. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa msibani. Akasema ni mafua tu, akaenda. Kesho yake nikakuta tone la damu kwenye foronya, pale lilipolala sikio la kushoto.

"Usimwambie mtu, Mama Kabula," alisema. "Wiki ijayo wananipima kwa ajili ya kiti cha kushoto. Wakijua watanisimamisha mpaka daktari wa Dar aseme, na kiti watampa mwingine."

Nikasema sawa. Nikaifua foronya.

Yeye ni mtoto wa mchunga ng'ombe. Hicho kiti amekiota tangu hajui kuvaa viatu. Ningesemaje?

Jumatano ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimempeleka Kabula kliniki Mwanza, nikarudi na ndege ya baba yake, inayopitia Geita kwanza, nimekaa kiti cha mbele kabisa. Mlango wa kwa marubani haupo, kuna pazia tu, na siku hiyo lilikuwa limefungwa pembeni kwa ajili ya joto. Kwa mara ya kwanza nilimwona mume wangu kazini.

Nilidhani kurusha ndege ni kukaa. Mayu wane, mama yangu! Shati lilikuwa limemganda mgongoni kama la mtu anayelima. Vipini vya injini viko juu, darini, wanavishika kama mtu aliyening'inia kwenye tawi, wote wawili, mkono juu ya mkono wakati wa kuruka. Na jua la saa zile likipiga vile vilima vya mawe, hewa inarusha ndege kama nafaka kwenye ungo. Mzee mmoja wa Buseresere, safari yake ya kwanza, alikamata goti langu akidhani ni mkono wa kiti. Sikumwambia kitu. Na mimi nilikuwa nimekamata la kwangu.

Mbele yetu mvua ilisimama kama ukuta mweusi kutoka mawinguni hadi ziwani. Waliizunguka kwa macho tu, huku wakipigiana kelele kwa sababu ya injini. Geita tulikuta ng'ombe wamejaa kiwanjani. Ndege ikapita chini mara moja kuwatimua, ikapanda tena, ndipo ikazunguka kutua. Nikajisemea moyoni, huyu anarudi nyumbani kila jioni ananiuliza mimi kama nimechoka?

Wakati wa kushuka pale Geita nilimpa Kabula titi, kama baba yake alivyonifundisha, maana mtoto akimeza masikio yanazibuka. Nikainua macho. Na yeye alikuwa ameziba pua, anapuliza, uso umejikunja kwa maumivu. Kapteni akamwambia neno. Kimya. Akamwambia tena, kwa sauti iliyofika hadi kwangu. Kimya. Mara ya tatu akamgusa bega.

Kapteni anakaa kushoto kwake.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza. Akasema kelele za injini. Nikataka sana kuamini, nikaamini.

Mpaka leo mchana.

Leo hakuwa zamu, na Jumamosi ndege hurudi mchana. Alikaa kwenye mkeka uani akimfundisha Kabula kusimama, mimi nachekecha unga wa mtama pembeni. Akasema, "Leo Kapteni kachelewa."

Mimi nilikuwa nimeshaisikia. Inatoka upande wa Mwanza, kwanza kama nyuki ndani ya chupa, halafu inakua. Kabula naye akainua kichwa, akanyoosha kidole juu.

"Anaonyesha nini huyu?" baba yake akauliza, akitafuta ndege wa manyoya kwenye mti.

Watoto wa mtaa walikuwa wameshaanza kukimbia wakiita, "Ndege! Ndege hiyo!" Aliwaona watoto, ndipo akatazama juu. Ndege ilikuwa inapita chini kufukuza ng'ombe wa hapa kwetu, tumbo lake jeupe liko karibu juu ya bati letu.

Niliuona uso wake. Nisingependa kuuona tena. Alinikabidhi mtoto taratibu, akaingia ndani.

Jioni nikamfuata, nikakaa upande wake wa kulia.

"Jumatano Kapteni alikwambia nini pale Geita?"

"Ng'ombe," akasema. "Mmoja alikuwa amebaki pembeni. Aliniambia niangalie upande wangu."

"Ulimsikia?"

"Alinirudia baada ya kutua, ndipo nikajua."

"Baba Kabula, nilikuwa nyuma yenu na mwanao yuko titini."

"Kwa hiyo unataka nikachunge ng'ombe wa baba?"

"Nataka urudi nyumbani, basi."

Akageukia ukutani. Sikujua kama amekasirika au hakusikia. Ndivyo ilivyo sasa, sijui kipi ni kipi.

Kesho ni zamu yake. Kila akiwa na safari, jioni napiga pasi lile shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote, nikipita kwenye yale mabega naona kama nampiga pasi yeye. Leo makaa ya kupikia yalikuwa mazuri kabisa. Nimeyamwagia maji. Shati bado liko kwenye kamba.

Kapteni humpitia asubuhi na Landrova. Hupiga honi moja, mimi hutoka kumwamkia, na yeye huniuliza neno lilelile kila siku: "Marahaba, binti yangu. Mwenzangu kaamka mzima?" Nami hujibu mzima. Hata ile asubuhi ya foronya nilijibu mzima. Nilidhani ni salamu tu. Baada ya Jumatano najua yule mzee huwa anauliza kweli.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, habari za ndege sizijui. Lakini nawajua wanaokaa nyuma ya lile pazia. Nilikaa nao.

Masikio yanapona, naamini hivyo. Daktari atayaangalia, kiti cha kushoto kitarudi, akikikosa mwaka huu atakipata mwaka mwingine, na shati nitalipiga pasi hadi ling'ae. Hayo yote natumaini. Lakini kesho Kapteni akiuliza, natamani Baba Kabula awe amesimama mlangoni ajibu mwenyewe. Asipojibu, nitajibu mimi, na anichukie anavyotaka.

Hiyo honi ni moja tu. Ee Mungu, naomba aisikie.