Mama Anataka Sofa

Jumamosi, 2 Novemba

Nimefua, nimepiga deki. Kabati nimelitoa nje. Lina miaka miwili tu. Ni la maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na hewa ya bahari hapa Shangani imelivimbisha likawa kama mkate uliomwagikiwa chai. Mlango ulinibaki mkononi. Nimekasirika, kisha nimecheka.

Jioni Issa alipita akitoka kazini bandarini. Tumekubaliana: tukioana tunaanza na vitu vichache vya kudumu. Kitanda cha mninga, meza, sufuria nzito tatu, mikeka. Sofa hakuna. Nimefurahi sana. Bado kumwambia Mama.

Jumatano, 6 Novemba

Mama amepiga simu kutoka Mahurunga. Korosho zimelipwa. Ameshachagua sofa kwenye duka moja hapa mjini: jekundu, miguu ya dhahabu. Hata rangi ya mapazia ameshaiwaza.

Nikamwambia silitaki. Nilisema vibaya, kwa haraka, kengele ya kipindi ilikuwa inalia. Mama akasema, "Haya, mwalimu."

Hajawahi kuniita mwalimu.

Alhamisi, 7 Novemba

Simu haipokei.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda Mahurunga. Nimemkuta ameketi uani anachambua korosho za mwisho, nzuri huku, mbovu kule. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikakaa, nikachambua naye. Muda mrefu.

Halafu akasema, macho yako kwenye korosho. Siku vyombo vyake vya harusi vilipopelekwa kwa baba yangu, alikuwa na kapu moja. Sufuria mbili, mkeka, basi. Mawifi walilibeba lile kapu kwa kidole kimoja, wakazunguka nalo uwanja mzima wakiimba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Nikaapa, Somoe. Nikijaliwa binti, vyombo vyake havibebwi kwa kidole."

Miaka thelathini na moja nimekuwa mwanawe, sikuwa nikilijua hili. Niliona aibu. Nilidhani anapenda makuu.

Sikumwambia nimekubali sofa. Sikumwambia nimekataa pia. Nimerudi na mihogo mfuko mzima.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia. Nimemwambia kitanda achague yeye. Mbao, fundi, urefu, kila kitu. Akauliza kama nina homa. Kisha akauliza fundi yuko wapi.

Jumanne, 19 Novemba

Mama alikuja mjini. Tulikwenda kwa Fundi Saidi baada ya vipindi. Nilidhani atatazama tu. Akavua viatu, akaingia katikati ya mbao. Anagonga, anasikiliza. Ananusa. Akaweka kando mbao nne, akasema hizi bado zinalia maji, zikishakuwa kitanda zitapinda. Fundi akasema zimekauka vya kutosha. Mama akamwambia, "Baba, mimi nimekausha korosho maisha yangu yote."

Fundi akakubali kusubiri mbao nyingine. Huenda kitanda kisiwahi siku ya vyombo. Mama akasema kisubiri.

Alitembea kwa madaha njia nzima. Nilimpenda sana leo.

Alhamisi, 28 Novemba

Kitanda hakijawa tayari. Keshokutwa vyombo vinakwenda bila kitanda. Mawifi nao watakuwepo, wakiongozwa na Salma, dada yake Issa, mwenye ulimi.

Asubuhi Mama alifika kwangu, akaweka mzigo, akaaga anatoka mara moja. Hakusema wapi. Nikajua ni dukani. Nimefundisha hesabu kama mgonjwa. Niliwaza: akilinunua lile sofa nitanyamaza. Nitaliweka sebuleni na nitanyamaza.

Alirudi mikono mitupu. Alilikalia, akasema. Likammeza. Akaligeuza upande kuangalia chini, muuzaji akaja mbio. Chini kuna vijiti na pini.

"Mawifi wasingenicheka keshokutwa, lakini watoto wako wangenicheka baadaye," akasema. Akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 30 Novemba

Imepita. Mimi sikwenda, bibi harusi haendi. Naandika alivyonisimulia Mama mwenyewe, na jirani aliyekuwepo.

Vyombo viliteremshwa kwenye gari moja, vikabebwa na wanawake saba. Sufuria, kinu na mchi, mikeka miwili, meza. Vigelegele vingi kuliko vyombo. Salma akasimama mlangoni, akachungulia nyuma yao barabarani. "Gari la pili liko wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Mama anasema alikuwa palepale tena, msichana na kapu lake.

Akajibu: "Hakuna gari la pili. Kuna kitanda kwa fundi. Mbao ilikuwa mbichi, nikaikataa mwenyewe. Simpi mwanangu kitu cha kuonyeshwa leo na kuchomwa kuni mwakani."

Kisha mama yake Issa akainuka. Akashika mchi, akaupima mkononi, akatwanga mara moja kwenye kinu kitupu. Akasema huu ni mti. Kabati la vioo alilopewa mwanawe mkubwa limeshakuwa banda la kuku. Uwanja mzima ukacheka, na safari hii Mama alicheka nao.

Salma ndiye aliyebeba kinu kuingiza ndani. Kwa mikono miwili, kizito kile. Mama amenirudilia sehemu hiyo mara tatu.

Jumapili, 15 Desemba

Wiki ya pili ya ndoa. Kitanda kililetwa Alhamisi. Wanaume wanne walikiingiza, kikakwangua ukuta. Hakilii hata ukikirukia. Issa amejaribu.

Nyumba ina nafasi. Wageni wanakaa kwenye mkeka, wengine wanashangaa, wengine wanajinyoosha wanalala. Mwenzangu wa shuleni kauliza sofa linakuja lini. Nikamwambia haliji. Sikueleza zaidi. Haikuniuma.

Mama amekuja leo kusalimia. Amekula, ameswali adhuhuri, ameketi mlangoni penye upepo. Nikiosha vyombo akaniambia, sauti ya chini kama mtu anayeungama, kwamba amemwagiza Fundi Saidi kitanda kingine. Kidogo. Cha mtu mmoja, chake yeye. Tangu aolewe analala kwenye kitanda cha kamba cha bibi yangu.

"Nimefanya upuuzi?"

Nikasema hapana. Nikamletea chai, nikaketi karibu naye.