Simu ya Dukani kwa Mama Hana

Jumatatu, 1 Machi 2004
Kliniki imejaa tangu asubuhi. Watoto wanalia kabla hata ya kuona koleo la kung'olea meno. Daktari amenituma nitafute zawadi ya muuguzi wetu anayestaafu Ijumaa. "Kitu tofauti," alisema. "Si saa ya ukutani tena."

Baba Mdogo Njoroge alipiga simu mchana. Mkutano wa shamba la marehemu baba ni Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Waithaka. Anataka kipande cha kaka yangu Kariuki, kile kinachopakana na barabara, kiuzwe kwa mtu anayejenga vyumba vya kupangisha. Anasema Kariuki alishakufa huko Japani. Miaka sita bila simu wala salamu, aliye hai hawezi kukaa hivyo. Mama bado anakataa, lakini anakataa kwa sauti ndogo sasa.

Sikula chakula cha jioni. Nimepanga upya kabati ambalo halikuwa na shida.

Jumatano, 3 Machi
Nimepata zawadi. Biashara Street, nyuma ya Soko la Jiji, kwenye zile nyumba za mawe za zamani zilizochongwa mwaka juu ya mlango. Kati ya duka la blanketi na la sare za shule kuna mlango mwembamba wenye pazia la buluu lililopasuliwa katikati. Lazima uiname kuingia.

Ndani kimya. Vikombe visivyo na mkono. Sahani ndogo ambazo hakuna mbili zinazofanana. Miavuli ya karatasi. Nilidhani kila kitu kimetoka Japani. Kumbe vitambaa vya buluu vinatiwa rangi Kangemi, na kina mama ambao mwenye duka amewafundisha mwenyewe. Vikombe vinafinyangwa hapa hapa nchini. Mwenye duka anaitwa Mama Hana. Mjaluo, nywele fupi zenye mvi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliolewa na injinia Mjapani, akaishi kwao hadi mumewe alipofariki. Hana ni binti yao.

Alifunga kikombe changu kwa kitambaa, mafundo mawili tu, bila gundi wala kamba. Nilimuuliza maandishi ya pazia yanasema nini. Jina la duka, akasema. Hana, yaani ua.

Hapo ndipo nilipoliangalia pazia tena. Maandishi ya namna hiyo nimeyaona miaka yote. Yako nyuma ya Kariuki kwenye picha ya mwisho aliyotutumia kutoka Japani, juu ya mlango wa gereji. Picha imekaa ukutani kwa mama, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba ubao ule unasema kitu. Tulikuwa tunamwangalia Kariuki tu.

Mchana nilimwita mgonjwa kwa jina la mgonjwa mwingine. Mara mbili.

Alhamisi, 4 Machi
Baada ya kazi nilikwenda Waithaka. Nilimwambia mama nataka kuitengenezea picha fremu mpya. Uongo. Sitaki kumpa tumaini halafu nimnyang'anye. Alinipa bila kuuliza, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angeuliza.

Ijumaa, 5 Machi
Muuguzi alilia alipofungua zawadi. Sikungoja keki. Nilikimbia Biashara Street.

Mama Hana aliipeleka picha mlangoni kwenye mwanga. Bega la Kariuki limefunika nambari zote za simu isipokuwa tatu za mwisho. Lakini jina la gereji linasomeka, na jina la mji pia. Alinitajia. Nilimfanya arudie.

"Sasa sikiza, nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Wifi yangu bado yuko kule. Nitamwambia atafute namba. Lakini mtu akipatikana, anapatikana vile alivyo. Uko tayari?"

Nilisema ndiyo. Sijui kama ni kweli.

Jumapili, 7 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Baba Mdogo alikuja kunisalimu, suti ya kijivu, Biblia kwapani. Akasema ananihurumia, kwamba kuomboleza bila kaburi ni kazi ngumu. Nilitaka kumsukuma. Nikasema, "Asante, Baba."

Nimefua mapazia. Nimeyafua tena kwa sababu hayakuanikwa vizuri. Jirani yangu hapa mtaa wa Jamhuri ameniuliza kama nahama.

Jumatatu, 8 Machi
Hakuna habari.

Jumanne, 9 Machi
Nilipita dukani mchana. Hakuna habari. Mama Hana alinipa kibao nikae, nikakaa, nikasimama. Nikagusa kila sahani rafuni. Akanipa kitambaa nijifunze kukunja. Nimeshindwa. Vidole vyangu havitulii.

Na nina hasira. Nimesema. Kama yuko hai, miaka sita yote alikuwa wapi? Mimi ndiye niliyempeleka mama hospitali. Mimi ndiye niliyezika baba. Nilisimama mahali pa kifungua mimba, watu wakinipa pole mara mbili, moja ya baba na moja ya kaka. Kama yuko hai nitamtukana. Kama amekufa sijui nitafanya nini na matusi haya.

Alhamisi, 11 Machi
Ameongea nami. Kariuki yuko hai.

Mama Hana alinipigia kliniki saa tano: namba imepatikana. Nikamwambia daktari naumwa. Saa saba mchana nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka. Kule ni saa moja jioni. Mama Hana alipiga, akaongea Kijapani, akainamisha kichwa kana kwamba wanamwona. Nikasikia jina la Kariuki katikati ya maneno nisiyoyajua. Akanipa simu. "Wanamwita. Ananawa mikono."

Nikasikia viatu. Kisha sauti ya mwanamume, ya Kijapani. Nikasema, "Kariuki, ni Wairimu."

Akauliza: "Mama amekufa?"

"Mama yuko. Ni wewe wanasema umekufa."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Sikumtukana. Yote niliyopanga yalitoroka.

Anasema kila mwaka alijiambia atapiga mwaka ujao, akiwa na kitu mkononi. Miaka ikapita, na kupiga simu kukawa kugumu kuliko kunyamaza. Karatasi zake za kukaa zilikwisha zamani. Akitoka haruhusiwi kurudi, na hawezi kutoka kwa sababu ana mtoto. Msichana wa miaka minne. Mama yake ni Mjapani. Mtoto anaitwa Nyokabi.

Nyokabi. Jina la mama yetu.

Nilimweleza kuhusu mkutano. Akasema, "Wagawe tu bila mimi." Hapo nilipandisha sauti. Nilimwambia siombi shamba lake, namwomba aongee na mama. Akaahidi: Jumamosi saa saba atapiga simu yangu ya mkononi, wote wakiwepo.

Mama Hana alikuwa amefunga mlango wa duka muda huo wote. Wateja wawili walikuwa nje. Hakuniuliza kitu. Alinimiminia chai ya kijani, chungu, nikaimaliza.

Ijumaa, 12 Machi
Nimemwambia mama. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. Nikadhani hajanisikia, nikarudia. Akasema, "Nimesikia." Nilipofika kwenye jina la mtoto mikono yake ilisimama.

Simu nimeichaji mara tatu leo. Haikuhitaji.

Jumamosi, 13 Machi
Hakupiga.

Walikuwapo wazee wanne, Baba Mdogo, na fundi wa kupima na kamba yake. Nilisema Kariuki yuko hai, nimeongea naye, atapiga saa saba. Simu niliiweka mezani kati ya vikombe. Saa saba ikafika. Ikapita. Mtu akakohoa. Saa nane kasoro, Baba Mdogo akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Wairimu, mtu anaweza kukudanganya kwa simu. Dunia imeharibika."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akainuka. Yeye ambaye kwenye mikutano ya wanaume huleta chai na kutoka. Akasema, "Njoroge, mimi sijaona maiti. Fundi akunje kamba yake."

"Shemeji, tumesubiri miaka sita."

"Wewe ulikuwa unasubiri shamba. Mimi nilikuwa nasubiri mtu."

Wazee walimaliza chai, mmoja mmoja wakaaga. Baba Mdogo hakuaga.

Nimemchukia Kariuki leo kwa moyo wote. Nitaandika hivyo na sitafuta.

Jumatatu, 15 Machi
Nilimwambia Mama Hana yaliyotokea. Akatikisa kichwa. "Anaogopa. Mtu wa huko akiaibika anajificha, na yeye amekaa huko sana." Nikasema aibu yake haitulipi. Akasema, "Basi mlete mama yako. Mtu anaweza kumhepa dada. Mama mzazi ni ngumu."

Jumanne, 16 Machi
Mama amekuja mjini. Kofia ya kanisa, sweta, mkoba mweusi. Hajafika Biashara Street tangu aliponunua blanketi zangu za bweni. Kwenye pazia la buluu alisita, akainama, akaingia. Mama Hana alimpokea kwa mikono miwili. Wakaulizana habari za magoti. Wazee wawili, kama waliosoma pamoja.

Simu ilijibiwa upesi. Nilipomsikia Kariuki nilisema tu, "Huyu hapa," nikampa mama.

Mama hakulia. Kwanza alimgombeza, kwa Kikuyu, taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayepalilia. Kwa nini hakupiga Jumamosi. Kwa nini amwache dada yake aaibike mbele ya wazee. Nilikuwa nimesimama kando ya vikombe, mimi mtu mzima, machozi yananitiririka kwa sababu hatimaye kuna aliyenisemea.

Kisha akasikiliza. Akauliza kama anakula vizuri. Kama mke wake ana roho nzuri. Akasema shamba litabaki lilivyo, yeye hakuwa akililia shamba.

Halafu uso ukabadilika. Akaibana simu kwa mikono yote miwili. "Nyokabi?" akasema. Akangoja. "Nyokabi." Mtoto hajui Kikuyu, mama hajui Kijapani. Waliitana jina hilo moja, huku na kule, mama anacheka, hadi Mama Hana akaenda nyuma akajifanya anatafuta kitu.

Njiani mama aliniambia neno moja tu: kwamba nimekonda.

Jumapili, 21 Machi
Nimeshinda Waithaka. Baba Mdogo hakutusalimu kanisani. Atapoa, au hatapoa.

Mvua ya kwanza ilianza saa kumi. Tulikaa jikoni mlango ukiwa wazi. Kariuki haji. Nimelisema wazi na mama amelisikia wazi. Atakuwa akipiga Jumanne, anasema. Tutaona.

Giza lilipoingia mama aliniuliza saa hizi kule ni saa ngapi. Nikahesabu. Nikamwambia ni usiku, karibu saa saba.

"Basi wamelala," akasema, akapunguza redio.