Hadithi Ninayomsomea Mke Wangu Haimo Kitabuni

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize wafugaji wote wa huku Ohio, nimekamua ng'ombe miaka hamsini na saba na nimemtoa ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma kwa mikono yangu hii hii huku daktari wa mifugo amesimama pembeni ananiangalia, kwa hiyo ukiona nimeshika penseli ujue jambo limenifika shingoni. Barua hii nimeiandika siku nne. Kuandika naweza vizuri sana, ni maandishi ya watu wengine ndiyo yanayonichelewesha.

Mke wangu anaitwa Verna, tumeoana miaka hamsini na mbili, na tangu nimjue kila Desemba anasoma vile vitabu vya Krismasi vya Waamishi, wale Wakristo wa mashambani wasiotaka magari wala umeme, unavijua, jaladani kuna msichana mwenye kofia nyeupe, nyuma yake theluji, nyuma ya theluji farasi. Wanawake wa kanisani kwetu, sisi ni Wamethodisti, kila mwaka wanachagua kimoja, wanakisoma wote, halafu Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi wanakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa na kukizungumza na kulia kidogo. Humo hakuna matusi wala kubusiana ovyo, mtu anaomba, mtu anasamehewa, pai zinaokwa, harusi inafungwa. Mimi nilikuwa nikivicheka. Jirani yangu Atlee Troyer ni Mwamishi halisi, tumepakana kwa uzio mmoja miaka arobaini, na sijawahi kuona theluji ikimwangukia kwa mpangilio namna ile.

Sasa mwaka huu macho ya Verna yameharibika, katikati pameingia giza, anaona pembeni tu, na daktari anasema hayatarudi. Binti yetu akamletea kitabu kilichorekodiwa, mwanamke anasoma kwenye kimashine, Verna akasikiliza dakika tano akazima. Akasema, "Huyu ananisomea kama daktari wa meno anayeniambia nifungue mdomo." Halafu akanigeukia. "Delbert, nisomee wewe." Nikamwambia hilo tu, mama, lete.

Hapa lazima nieleze. Shule niliacha darasa la sita baba alipovunjika nyonga, na hesabu yangu ni safi kuliko ya mtu yeyote, lakini kusoma kwangu ni kwa neno moja moja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Hakuna anayejua. Verna ndiye aliyejaza fomu zote tangu harusi. Kanisani kila Krismasi mimi ndiye ninayesoma habari za wachunga kondoo na hori, na mchungaji wetu mwenyewe amesema hakuna anayesoma kwa utulivu kama mimi, na ni kweli, kwa sababu nimeikariri tangu nina miaka tisa, Biblia naishika tu.

Basi tukaanza, kila siku saa tisa alasiri kabla sijaenda kulisha ng'ombe. Kwa siku kumi na mbili nilisoma kurasa arobaini na moja, jasho linanitoka, nikikwama najifanya nasafisha koo. Kuna mjane kijana anaitwa Saloma anayeoka mikate, na kuna seremala anaitwa Reuben anayemtaka. Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa, Reuben anafika kwa Saloma siku ya baridi kali, farasi wake ametoka mbio maili sita, amelowa jasho, na yule bwana anashuka, anaingia ndani, anakaribishwa kahawa. Farasi kamwacha nje. Hajamfunika.

Mshauri, nilifunga kitabu. Mtu anayeacha farasi mwenye jasho kwenye baridi hafai kuoa. Verna akasema, "Mbona umenyamaza?" Nikasema natafuta mstari. Na hapo hapo, bila kupanga, nikaendelea kusoma mambo ambayo hayakuandikwa, Reuben akateleza kwenye barafu mlangoni kwa Saloma akapasuka kichwa, na baada ya siku mbili tukamzika.

Verna alilia. Tangu Septemba alikuwa halii wala hacheki, anakaa tu ameligeuzia dirisha shavu moja ili aone kwa pembeni, na siku ile alilia, akapenga kamasi, akasema, "Enhe, endelea." Kwa hiyo nimeendelea. Nimemleta mfugaji mmoja jina lake Enos, mtu mzima kidogo, mwenye mikono mikubwa, anayejua ng'ombe. Kuna ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma na Enos amemtoa huku daktari ameduwaa. Verna akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Huyu Enos anajisifu kama mtu mmoja ninayemjua." Kurasa nazigeuza kwa wakati wake, usifikiri mimi mjinga. Na nakuambia bila kujivuna, hadithi yangu ni nzuri kuliko ya kwenye kitabu.

Sasa wiki iliyopita Verna alikwenda kwa Bernice Lantz kufunga zawadi za watoto wa kanisa, wanawake sita mezani, na akawaambia jinsi kifo cha Reuben kilivyomuuma. Mimi nilikuwa nimekuja kumchukua, niko mlangoni navua viatu, nikasikia yote.

Bernice akasema, "Kifo cha nani?"

"Cha Reuben. Alipoteleza."

"Verna, mpenzi, Reuben hajateleza popote. Ndiye anayemwoa Saloma."

"Atamwoaje, naye amezikwa? Saloma ana Enos sasa."

"Enos ndiye nani?"

Hapo Doris, mke wa mwuza matrekta, akasema kwa ile sauti ya kuongea na wagonjwa, "Labda umechanganya na kitabu cha mwaka jana, mpenzi. Umri huu wetu kila mtu anachanganya."

Verna akanyoosha mgongo. "Macho yangu ndiyo mabovu, Doris. Kichwa kizima. Delbert amenisomea kwa mdomo wake, na Delbert hajawahi kunidanganya."

Wote wakaniangalia, kiatu kimoja mkononi. Bernice akasema labda kitabu kimechapwa mara mbili tofauti, basi Jumamosi nije na cha kwetu niwasomee mwenyewe sura za mwisho, kwa sauti, mbele ya wote. Nikasema hakuna shida. Nikasema nitasoma bila miwani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilikwenda kwa Atlee nikamwambia, "Atlee, hawa wa kitabuni ni watu wako, nisaidie." Alikuwa anampigilia farasi kiatu, akanisikiliza mpaka mwisho na misumari mdomoni, halafu akaitoa. "Mimi sivisomi," akasema. "Mke wangu amevisoma vyote. Anasema siku moja angependa kukutana na wanaume wa humo." Akafikiri kidogo. "Delbert, kwetu mtu akikosea anapiga magoti mbele ya kanisa, anakiri, anainuka, tunakwenda kula. Haifiki dakika tano." Nikamwambia mimi ni Mmethodisti. Akarudisha misumari mdomoni.

Kwa hiyo ninachokuuliza ni hiki, na usinizungushe, na usiniambie habari za kukiri maana hizo nimeshazisikia. Wakijua, Verna atachekwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa kibovu na mara ya pili kwa mume, na ikifika saa tisa atarudi kukaa dirishani, kwa sababu hatataka tena sauti yangu na ile ya kimashine haitaki. Je, niugue koo siku ya Jumamosi, au nimwandikie aliyetunga kitabu arekebishe ile sehemu ya farasi na yote yanayofuata? Niko tayari kumpa Enos bure. Jina langu liandike lote, sijawahi kujificha.

Delbert Rupp, mfugaji


Mzee Delbert,

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, upende usipende. Lakini huyo niliyempa jina la Bernice hahitaji jina. Gazeti linatoka Alhamisi, na akifika penye mazishi ya Reuben atajua hii ni nyumba ya nani. Ndiyo maana jibu hili nimekutangulizia kwa posta, kwa herufi kubwa. Likikufikia Jumatatu, una siku tatu.

Kwanza pole. Mke amepoteza macho, na mume ambaye kila neno kwake ni jiwe la mtoni amekaa na kitabu siku kumi na mbili bila kulalamika. Wengi wangemwachia kimashine. Pole yangu inaishia hapo.

Kitabu hicho ninacho. Nimekisoma mara mbili na sioni haya, maana nikimaliza barua zenu nahitaji mahali ambapo watu wanasameheana kabla pai haijapoa. Ukurasa wa arobaini na mbili, mstari wa kwanza kabisa, Reuben anatoka nje na mablanketi mawili ya kitandani kwa Saloma. Anamfunika farasi. Anamsugua kwa majani makavu mpaka anakauka, kahawa yake inapoa mezani, na Saloma anamtazama kupitia kioo, na hapo ndipo anapoanza kumpenda. Ulibakiza kugeuza ukurasa mmoja. Umezika mtu asiye na kosa, na mchumba wake ukampa mwanamume anayefanana na wewe.

Reuben haoni uchungu. Verna anaona. Alisimama mbele ya wanawake watano akakutetea, na wewe ulikuwa mlangoni na kiatu mkononi, ukanyamaza. Unasema hutaki achekwe. Wameshaanza kumhurumia, ambayo ni mbaya zaidi, na kila siku unayochelewesha yeye anakaa akijiuliza kama kweli kichwa kimeanza kumtoka. Macho yamekwenda, na sasa unamfanya awe na shaka na akili yake, ili wewe usionekane huwezi kusoma. Hilo ndilo la kukuonea aibu, mzee. Kusoma kwenyewe wala usikuhofie. Mwanamke aliyejaza fomu zako miaka hamsini na mbili hakuwa anazijaza kwa kupenda wino.

Koo usiugue. Mtunzi usimwandikie, ana kazi zake. Jumamosi uende, na kabla kahawa haijamiminwa usimame useme, "Reuben nilimuua mimi, Verna hajachanganya kitu chochote," kisha ukae chini. Jirani yako ana akili kukushinda, na Mmethodisti naye ana magoti. Kitabu mpe Bernice asome zile sura za mwisho, na wewe usikilize bila kumsahihisha mtu kuhusu farasi.

Ila Verna asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza mbele za watu. Siku hii barua ikifika, saa tisa, keti karibu naye umsomee. Umsomee yote, neno kwa neno, hata pale ninapokusema vibaya, hata ng'ombe wakichelewa kula. Usiruke mstari na usiongeze mtu. Ukikutana na neno linalokushinda, usilibuni. Mtajie herufi zake moja moja, yeye atakuambia ni neno gani.