Tawi la Kwanza la Minyaa

Ngulyati, Bariadi
Agosti 1956

Dada yangu mpendwa Klementina,

Salamu nyingi zikufikie hapo Geita, wewe na mama. Naomba kujua miguu ya mama inaendeleaje na kama mtama ulitosha. Mimi ni mzima, ila nimechoka. Jicho la kushoto limeingiwa na utomvu wa minyaa na bado linatoa machozi, kwa hiyo nivumilie kama mistari imepinda.

Pamba imekwisha kuchumwa. Najua unanihesabia siku, maana uliacha nyumba ya mume wako ili umtunze mama mpaka nirudi. Soma barua hii yote kabla hujamwambia neno.

Mwenye shamba ninalofanyia kibarua ni mjane, anaitwa Nyanjige. Shemeji yake, Salu, anakaa mji wa pili, yaani boma linalofuata, na anataka kumrithi. Nyanjige hamtaki. Kila jioni Salu huweka kigoda chake mahali anapoona jiko la mjane, kisha hupaza sauti: "Shemeji, leo mlenda tena? Kwangu ungekula nyama." Watu hucheka. Nyanjige huingiza chungu ndani, akapikia moshini.

Basi akaniambia anataka ua mrefu. Nikamtajia michongoma, kwa kuwa mbuzi wanaiogopa. Akasema mpaka ifike kichwani mwa mtu yeye atakuwa bibi kizee, tena yeye anataka kujificha, hataki kumchoma mtu. Nikataja katani. Akasema katani ina nafasi katikati, na jicho la Salu ni jembamba. Tukakubaliana minyaa. Nilikata matawi marefu kunipita mimi, nikayalaza kivulini utomvu ukauke yasije yakaoza, ili niyapange karibu karibu na yafiche siku hiyo hiyo.

Salu alipoyaona hakugomba. Alifurahi. Alisema kesho asubuhi atakuja yeye kuchomeka tawi la kwanza. Unajua maana yake, dada. Anayechomeka la kwanza ndiye mwenye mji, na mume wa mama wa mji huo. Wazee wa ukoo wakamkubalia. Nyanjige alikaa jikoni hata kula hakula.

Asubuhi Salu alipofika na wazee, tawi la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni na mimi nashindilia udongo. Akauliza, "Nani amelichomeka hili?" Nikasema ni mimi, nimezoea kuanza kazi mapema, nilisahau. Wakacheka, wakasema kibarua huyu jua limempiga. Salu akaniamuru ning'oe.

Nyanjige akatoka jikoni na mikono yenye unga. Akasema, "Tawi la mji haling'olewi. Muulizeni kwanza."

Basi wazee wakaketi, wakaniuliza kama nililichomeka kama kibarua au kama mwanamume. Kama ni kibarua, Salu atachomeka lingine na mambo yataisha. Kama ni mwanamume, nitarudisha ng'ombe wa ukoo waliotolewa mahari ya Nyanjige na nitakaa hapa. Salu alikuwa ananitazama mikono.

Nikajibu, kama mwanamume.

Dada, kwako sitasema nilisahau. Nilimwona baba akichomeka la kwanza pale kwetu, na wewe ulikuwepo. Nilijua. Nyanjige hakunituma, wala hatukuwa tumeongea neno la namna hiyo. Wala sisemi nilifanya kwa huruma tu. Nimechoka kulima miji ya watu na kulala juu ya magunia ya pamba. Nilishika lile tawi nikaona kwamba nikimwachia Salu, kesho nitafunga mzigo niende kuanza tena kwa mtu mwingine, na Nyanjige atabaki moshini.

Kwa hiyo sirudi. Ng'ombe nitawatafuta kwa mikono yangu hapa hapa. Wale wa baba msiwaguse, ni wa mama. Najua nimekuacha na mzigo ambao ulikuwa wangu, na ukikasirika sina la kujitetea. Mama akikubali kuvuka ziwa, nyumba ipo, na Nyanjige ameniambia nikuandikie hivyo. Asipokubali, mwambie wewe kwamba sirudi, maana mimi sitaweza.

Msalimie mama kwa mikono miwili. Msalimie na shemeji Boniventura, umwambie kwamba aliyemcheleweshea mke ni mimi, si wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Januarius