Ombi la Kulitaja Jina la Baba Mkwe

Bweni la Wanawake,
Chuoni.

Kwa mume wangu mheshimiwa, Baba Kulwa,
Nyumbani, Ushetu.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KULITAJA JINA LA BABA MKWE

Shikamoo, Baba Kulwa. Natanguliza salamu hizi kwa unyenyekevu, nikitumaini zitakukuta umeketi, kwa maana jambo lililomo humu halifai kusomwa kwa kusimama. Je, tumbaku imekwisha kuingizwa banini kukaushwa? Kulwa anaendeleaje na shule? Na homa ya Doto, imeshuka? Swali hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, na sababu yake utaiona hapo chini.

Nimeona ni vema kuandika badala ya kupiga simu. Simu yako huiweka sauti ya juu, kila aliyepo uani husikia, na baba naye huketi hapo hapo. Barua nitamkabidhi kondakta wa basi la Kahama, ambaye ameahidi kuifikisha. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Wiki iliyopita tulianza mitihani ya mwaka wa pili. Somo la kwanza lilikuwa uhasibu wa gharama, ambalo, bila kujisifu, nilikuwa nimejiandaa nalo barabara. Chuo chetu ni kikubwa mno. Ukumbi mmoja wa mtihani huingiza watu wengi kuliko mnada wa ng'ombe, na wengi wetu hatujuani. Palikuwa na uvumi kwamba wameingia mamluki, yaani watu wanaolipwa ili wawafanyie wengine mtihani. Kwa hiyo siku hiyo msimamizi alisimama mlangoni na kumtaka kila mmoja atamke majina yake matatu.

Hapo ndipo nilipokwama. Utakumbuka kwamba fomu zangu zote, tangu nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, ulizijaza wewe kwa mkono wako. Ulisema kwa furaha kwamba mkeo atasoma kwa jina la ukoo wako. Nilishukuru, na bado nashukuru. Katika karatasi za mtihani twaandika namba tu, na kwingineko hutosha kuonyesha kitambulisho. Hivyo tangu siku niliyoolewa sijalitamka jina la baba, kama ilivyo kwa mkamwana yeyote wa kwetu aliyelelewa akaleleka.

Nilitaja jina langu. Nikataja na lako, huku nikikuomba radhi kimoyomoyo. Kisha nikamnyooshea kitambulisho.

"La tatu?" akauliza msimamizi.

"Limo humo kwenye kitambulisho, mheshimiwa."

"Naliona. Nataka ulitaje wewe."

"Ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana halitaji. Naomba niliandike."

"Kuandika hata mamluki anajua. Mama, jina lako mwenyewe unaliogopa?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama, tema hilo jina tuingie! Kwani lina pilipili?"

Nilijikaza nikafungua kinywa. Silabi ya kwanza ikatoka, Baba Kulwa. Sikufichi. Ilitoka, halafu ulimi ukagoma. Msimamizi akaitazama picha ya kitambulisho changu, ambayo imefifia hata haionyeshi sura, akatikisa kichwa. Aliniruhusu kuufanya mtihani, lakini akaniandikia wito wa kufika mbele ya kamati ya nidhamu.

Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo uliponipigia kunieleza kwamba Doto anachemka mwili.

Mimi ni Mkristo niliyebatizwa, na sala za jumuiya sikosi. Najua homa ya mtoto huletwa na mbu. Najua. Lakini nilimsikia akilia nyuma ya sauti yako, na tangu hapo silabi ile imebaki mdomoni mwangu kama mchanga; nikinywa maji haishuki. Mama yangu alitufundisha kwamba mkamwana akikosa adabu hiyo, haumwi yeye, huumwa watoto wake.

Ninayelala naye chumba kimoja ni Rehema, binti wa mnunuzi wa dhahabu kutoka Katoro, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Nilipomsimulia alinicheka kwanza.

"Mama Kulwa, wewe duara la mgodi limekufukia ukiwa umesimama juu! Si ulitaje tu? Mzee yuko Ushetu, atakusikia kwa masikio gani?"

"Wenye kuumwa ni watoto wangu, Rehema."

Akaacha kucheka. "Basi nitalitaja mimi. Mimi siyo mkwe wake."

Tulikwenda naye ofisini. Karani alitusikiliza kwa heshima, lakini akasema mbele ya kamati kila mtu hujisemea mwenyewe, na asiyeweza kujitambulisha husimamishwa masomo. Tulirudi bwenini, nikatafuta karatasi na kalamu.

Kwa hiyo naleta ombi hili mbele yako. Tafadhali nenda kwa shangazi yako Holo, kwa kuwa ndiye dada wa baba na maneno yake baba huyapokea. Umweleze yote, na silabi ile usiifiche. Yeye amwombe baba aniruhusu kulitaja jina lake, mara moja, mbele ya watu wasiomjua, bila dharau yoyote. Kama ipo desturi ya kutimizwa ili mkamwana afunguliwe kinywa, itimizwe kwa niaba yangu; yule mbuzi niliyepewa na mama yangu atolewe.

Nimewaandikia watu wengi barua za maombi, wajane walionyang'anywa mashamba na wachimbaji waliofungiwa maduara yao, na sikuchana hata moja. Hii nimeichana na kuianza upya mara nyingi.

Mfikishie mama mkwe salamu zangu, nikimshukuru kwa kuwalea wanangu. Msalimie shangazi Holo, na mwenyekiti wa jumuiya aniombee bila kuambiwa ni kwa ajili ya nini. Kwa baba, peleka shikamoo yangu ya magoti chini.

Kamati itaniita Alhamisi asubuhi. Nitaketi nje ya mlango, simu mkononi. Baba akikubali, nipigie. Akikataa, nipigie vilevile, nami nitanyamaza mbele yao na kurudi nyumbani. Simu isipolia kabisa, nitaingia na kulitaja jina lote, kwa kuwa sitajua kama barua hii ilikufikia, na miaka hii ya kusoma siwezi kuiacha mlangoni kwa sababu ya basi lililochelewa.

Lolote litakalokuwa, nakuomba asubuhi hiyo usiende shamba. Mpakate Doto, usimweke chini mpaka nitakapokupigia.

Ni mimi mkeo mtiifu, mwenye hofu,
Veronika, Mama Kulwa.